Mume, Mke na Ugonjwa wa Kansa

Leo tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo kanisani hatulitaji, na nyumbani hutajwa kwa kunong'ona tu: jinsi mume na mke wanavyoweza kuendelea kuwa mume na mke wakati mmoja wao anaugua saratani, au kansa kama wengi wetu tuiitavyo. Ikiwa watoto wadogo wako karibu na redio, watumeni dukani, au punguzeni sauti kidogo. Maneno yenyewe si machafu, lakini ni maneno ya chumbani.

Tulianza kulifikiri sana jambo hili kwa sababu ya godoro. Katika mji mmoja upande wa Asembo, si mbali na ziwa, tulikwenda kumwona mama aliyekuwa amerudi kutoka Nairobi, ambako alikaa karibu miezi miwili akitibiwa kwa mionzi, maana alikuwa na kansa ya mlango wa kizazi. Tulimkuta amelazwa katika nyumba ya mama mkwe wake. Mumewe alibaki katika nyumba yao peke yake, na godoro jipya lilikuwa limenunuliwa kwa ajili ya mgonjwa. Kila mtu pale alieleza jambo hilo kwa wema. Mgonjwa apumzike, walisema, asisumbuliwe usiku, na mama mkwe yuko karibu wa kumpa maji. Mume naye, mvuvi mwenye mikono mikubwa, alituambia, “Mchungaji, naogopa kumwumiza.” Tukaimba, tukaomba, tukanywa chai. Tulipokuwa tukiaga, yule mama akatushika mkono, akauliza kwa sauti ndogo, “Mchungaji, nimeachwa?”

Hakuna aliyekuwa amemwacha. Mume aliuza ng'ombe wawili ili alipie safari na dawa. Lakini tangu alipotoka hospitali, hakuna mkono uliomgusa yule mama ila mkono wa kumwosha na mkono wa kumpa tembe. Hata jina lake lilikuwa limepotea katika mji ule; watu wote, pamoja na mumewe, walimwita “mgonjwa”. Mgonjwa amekula? Mgonjwa ameamka? Basi sisi tuliokuwa tumekaa pale na Biblia mkononi hatukujua la kumjibu. Katika chuo cha theolojia tulifundishwa Kiyunani na historia ya Kanisa, na tunashukuru kwa hayo. Lakini hakuna aliyetufundisha jibu la swali lile.

Tangu siku ile tumeuliza madaktari, wauguzi, wazee, na hasa akina mama wenyewe. Tuliyoyapata ndiyo tunayowaletea.

Kwanza, woga. Watu wengi kando ya ziwa letu bado wanaamini kwamba kansa huambukizwa kwa kulala kitanda kimoja na mgonjwa. Haiambukizwi. Huwezi kuipata kwa kumkumbatia mkeo, wala kwa kula sahani moja naye, wala kwa tendo la ndoa. Wengine husema mionzi imebaki mwilini, na kwamba anayelala karibu na mgonjwa ataungua. Sivyo. Mionzi inayotoka katika mashine kubwa hupita na kwisha, kama vile taa ikizimwa mwanga haubaki ukutani. Hata katika tiba ile ambayo chombo chenye mionzi huwekwa ndani ya uke kwa muda, chombo hutolewa, na mama harudi nyumbani na mionzi.

Dawa za kemotherapia ni tofauti kidogo. Hizo hutoka mwilini kwa mkojo na maji mengine ya mwili kwa siku chache baada ya kila dozi; ndiyo maana madaktari huwaambia watu wa ndoa watumie kondomu siku hizo, na pia wajihadhari mimba isitungwe wakati wote wa tiba. Muulize daktari wako ni siku ngapi. Lakini kushikana mikono, kukumbatiana na kulala pamoja hakuna daktari aliyekukataza. Tumekutana na mume mmoja aliyeambiwa “tumieni kinga kwa siku chache” akasikia “usimguse mkeo”, akatii kwa miezi saba.

Woga mwingine una sumu zaidi, nao ni tuhuma. Mama akiambiwa ana kansa ya mlango wa kizazi, na mtu akasikia kwamba kansa hiyo huletwa na virusi vinavyopita kwa njia ya kulala pamoja, mara moja swali huingia nyumbani: ni nani aliyevileta? Tumeona ndoa mbili zikivunjika kwa swali hilo wakati mgonjwa bado yuko wodini. Basi sikilizeni vizuri. Profesa Harald zur Hausen wa Ujerumani ndiye aliyeonyesha kwamba virusi vya papiloma ndivyo vinavyoleta kansa hiyo, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 2008. Lakini virusi hivyo ni vya kawaida mno, hata watu walio wengi waliowahi kulala na mume au mke huvipata wakati fulani, na miili yao huviondoa bila wao kujua. Kwa wachache hubaki kimya. Kansa hutokea baadaye sana, mara nyingi baada ya miaka 15 au 20, na kwa mama ambaye kinga ya mwili wake imepungua, kama mwenye virusi vya UKIMWI asiyetumia dawa, huweza kuja katika miaka 5 hadi 10. Kwa hiyo kansa ya leo haiwezi kukuambia lolote juu ya mwenendo wa mkeo mwaka huu wala mwaka jana. Huenda virusi vilitoka kwako, ndugu, kabla hamjaoana, na wewe hukuwahi kujua. Wenye mabinti wajue pia kwamba tangu Oktoba 2019 serikali imekuwa ikitoa chanjo ya virusi hivyo kwa wasichana kuanzia miaka 10. Wapelekeni.

Sasa tuungame kosa letu. Miaka mingi iliyopita, tulipokuwa bado wageni katika kazi ya uchungaji, mwalimu mmoja alitujia usiku. Mkewe alikuwa na kansa ya titi iliyopasuka ikawa kidonda, na kidonda kilikuwa na harufu. Yule mwalimu alilia. Alisema anampenda mkewe lakini hawezi kukaa chumbani zaidi ya dakika chache bila kutapika, na kwamba analala kwenye kiti cha sebuleni. Sisi tulimwambia maneno mazuri. Tulimwambia upendo huvumilia, tukamtaka aombe zaidi, tukamwombea, tukampeleka hadi njiani. Hatukumwuliza swali hata moja juu ya kidonda. Mke alikufa baada ya majuma kumi. Siku ya maziko mwalimu alituambia kwamba usiku mkewe alikuwa akimwita kutoka chumbani, naye alijifanya amelala.

Miaka kadhaa baadaye, muuguzi mmoja wa kuwatunza wagonjwa wasioweza kupona alituambia kama jambo la kawaida tu: kidonda cha kansa kikinuka, tembe za metronidazole husagwa zikawa unga laini, na unga huo hunyunyizwa juu ya kidonda kinapofungwa, kwa maelekezo ya muuguzi. Ni dawa ileile tunayopewa kwa kuhara amiba, inapatikana katika kila duka la dawa hapa Kisumu, na bei yake ni ndogo. Mara nyingi harufu hupungua sana katika siku chache. Tulimsikiliza yule muuguzi tukiwa tumeinamisha vichwa. Mwalimu yule alihitaji unga wa tembe, nasi tulimpa mahubiri.

Kwa sababu hiyo tunasema bila haya: kama kuna kitu kinachowatenganisha usiku, kitajeni kwa jina lake kwa mtu wa tiba. Kama ni harufu, sema harufu. Kama ni maumivu, sema maumivu. Wako mabibi na mabwana wanaofika kliniki mara kumi, katika hospitali ile kubwa ambayo wazee bado huiita “Russia”, au kwingineko, na mara zote kumi huulizwa habari ya kula na kulala na choo, nao hujibu, kisha hurudi nyumbani na swali lao limo mfukoni. Daktari hakuuliza kwa kuwa aliona haya au alikuwa na foleni ndefu. Wewe hukuuliza kwa kuwa muuguzi ni msichana wa umri wa binti yako. Muulize hivyo hivyo. Amesomea kazi hiyo.

Mama aliyetibiwa kwa mionzi katika nyonga atakuta uke umekuwa mkavu na mwembamba, na huweza kusinyaa ukaziba. Hilo hutokana na mionzi, halina maana kwamba mapenzi yamekwisha. Wauguzi wanaojua kazi yao humpa kifaa laini, mfano wa kidole, cha kutumia taratibu majuma machache baada ya tiba ili njia isizibe, nacho kina faida hata kwa mjane, maana bila njia kuwa wazi daktari hawezi kumpima tena. Iko pia jeli ya kulainisha iliyotengenezwa kwa maji, inayouzwa katika maduka ya dawa. Msitumie mafuta ya kupaka wala ya kupikia pamoja na kondomu, maana huiharibu. Na kurudia tendo la ndoa kungoje hadi daktari aseme mahali pamepona. Mwenye kutumia dawa ya maumivu anaweza kuinywa nusu saa hivi kabla ya kuwa pamoja na mwenzake, ili mwili utulie. Na si lazima iwe usiku! Mgonjwa wa kansa huchoka uchovu ambao usingizi hauumalizi, na wengi wana nguvu kidogo asubuhi kuliko jioni. Watoto wakiwa shuleni na mlango ukiwa umefungwa, jirani hana la kuuliza.

Tugeukie mila, maana hapa ndipo watu wetu wengi wanaumia. Kwa wasikilizaji ambao si Wajaluo, tunaeleza kidogo: katika miji mingi inayoshika desturi, kupanda hakuanzi ovyo. Mwenye mji na mke wake wa kwanza hulala pamoja, ndipo mbegu hutangulia katika shamba lao, kisha wana waliooa hufuata kwa zamu na wake zao. Hali kadhalika wakati wa mavuno, na wakati wa kuingia nyumba mpya. Anayeruka desturi huogopa chira, laana inayomkondesha mtu hata afe, yeye au watoto wake. Na kansa, kama mjuavyo, humkondesha mtu. Kwa hiyo mama mgonjwa huonewa mara mbili. Husemwa kwamba ugonjwa wake ni chira, kisha huogopeshwa kwamba asipolala na mumewe msimu wa kupanda ataleta chira nyingine.

Mwaka mmoja mvua za Machi zilianza mapema. Mama tunayemjua alikuwa na majuma sita tu tangu amalize mionzi. Wana wake wawili waliooa walikuwa wakingoja, na siku moja aliwasikia wakaza wana nyuma ya ukuta wakisema kwamba mahindi ya majirani yameshachipua. Hakumwambia mumewe kitu. Usiku ule alimwita. Alivuja damu hata akapelekwa hospitali usiku wa manane kwa pikipiki, akiwa amebanwa katikati ya dereva na mwanawe. Mumewe alipotujia alikuwa kama mtu aliyeua. Hakuna aliyemlazimisha mwingine. Wote wawili walikuwa wakiogopa kwa ajili ya watoto.

Ni rahisi kwetu wachungaji kusema, “Huo ni ushirikina, uacheni.” Tumesema hivyo miaka mingi, na watu huitikia “Amina” kanisani kisha hufanya kama baba zao walivyofanya. Mama yule alikuwa mshiriki mwaminifu wa Chama cha Akina Mama, na hata hivyo aliogopa. Safari ile tuliona heri kwenda kukaa na wazee wa ukoo wake kabla ya msimu uliofuata. Tulieleza mambo ya mionzi, tukaeleza ya damu. Walinyamaza muda mrefu. Hatimaye mzee kupita wote akasema kwamba ikiwa wawili hao watalala nyumba moja na kitanda kimoja usiku ule, yeye ni mzee, macho yake ni mabovu, naye hana haja ya kuuliza zaidi. Wakacheka, na mji ukapanda. Tunawasihi wachungaji wenzetu wawaendee wazee kwa heshima kabla ya mvua kunyesha.

Nasi pia kanisani tuna desturi yetu ya kuumiza. Wako waume wanaokuja na barua ya kwanza ya Paulo kwa Wakorintho, mlango wa saba, wakisema mke hana amri juu ya mwili wake. Wasome mstari wote, maana nusu yake ya pili yasema hivyo hivyo juu ya mume, na mstari unaofuata unawapa ruhusa ya kuachana kwa muda kwa mapatano. Tena ugonjwa hauhitaji barua kutoka Korintho kuruhusiwa. Wengi wetu tuliofunga ndoa kanisani tuliutaja kwa kinywa chetu mbele ya watu siku ya arusi, pamoja na afya na umaskini, wakati bado tuna maua kwenye koti.

Habari tunayoipenda zaidi ni ya yule mwanamke wa Injili ya Marko, aliyetokwa na damu miaka kumi na miwili. Kwa sheria ya watu wake, kila aliyemgusa alikuwa najisi hata jioni. Fikirini basi: miaka kumi na miwili bila kuguswa na mtu. Tunapolisoma fungu hilo katika wodi ya akina mama, wagonjwa wa kansa hawahitaji maelezo yetu. Wanajua habari ya vitambaa, ya kitanda cha peke yake, na ya watu wanaosogea mbali kidogo kwenye benchi.

Hatujasema lolote juu ya wanaume, na wanaume ndio wagumu. Kansa ya tezi dume ni ya wazee wengi katika sehemu zetu, na tiba zake, iwe ni upasuaji, mionzi, au dawa za kupunguza homoni za kiume, mara nyingi huondoa nguvu za kiume au hamu yenyewe. Profesa Anyang' Nyong'o, aliyechaguliwa kuwa gavana wa Kisumu mwaka 2017, alikuwa Waziri wa Huduma za Matibabu alipotangaza hadharani mwaka 2011 kwamba ana kansa hiyo. Watu walisema mengi juu ya kutibiwa kwake ng'ambo, na hilo ni neno la haki kujadiliwa. Lakini tunakumbuka kwamba baada ya tangazo lile, wanaume kadhaa wa parokia yetu walianza kutamka maneno “tezi dume” bila kutazama chini.

Mwanaume aliyepoteza nguvu huwa na njia moja anayoijua: hunyamaza. Huchelewa sokoni, huja nyumbani watu wamelala, hugeukia ukuta. Mkewe, ambaye hakuambiwa kitu, hufikiri ana mwanamke Kondele. Katika mkutano mmoja wa wanaume, tuliuliza ni wangapi walimweleza mke maneno ya daktari, yote, bila kupunguza. Waliinuka wawili kati ya kumi na mmoja. Mmoja wao alisema, “Nilipomwambia, alinijibu kwamba alikuwa ameanza kunichunguza simu. Tukacheka. Tangu hapo tunalala kama vijana wa shule walioshikana mikono.” Hizi dawa za kurudisha nguvu ziko, na huwasaidia baadhi, zitolewe na daktari anayejua moyo wako na dawa zako nyingine, zisinunuliwe kituo cha basi.

Mama aliyekatwa titi naye huvua nguo gizani, na hugeuka mumewe akiingia. Waume wengi wametuambia kwamba walitaka kuliona kovu na hawakujua namna ya kuomba. Ombeni. Kuhusu nguo, akina mama wa parokia moja hapa mjini hushona titi la kitambaa, wakalijaza pamba na mtama kidogo ndani ili liwe na uzito. Mtu akivaa huwezi kujua. Lakini wamegundua kwamba siku ya kulipima ndiyo yenye thamani, kwa sababu siku hiyo mama husimama mbele ya mwanamke mwenzake bila shuka.

Na ukaribu haukai kitandani tu. Kansa ya umio, ile inayoziba njia ya chakula, huwapata watu wengi wa magharibi ya Kenya, na wengi wao huenda Tenwek, kule Bomet, kuwekewa mrija wa kupanua njia. Mzee mmoja wa Kendu Bay alirudi na mrija wake. Ugali ulikuwa umekwisha kwake. Uji na mchuzi wa ngege uliochujwa ndivyo alivyoweza kumeza. Maisha yake yote alikula na wanaume wenzake, kama baba yake. Sasa aliona haya kumeza polepole mbele yao, akaanza kula jikoni na mkewe, kutoka bakuli moja. Mkewe alituambia kwamba katika miaka arobaini na mmoja hakuwahi kujua kuwa mumewe hapendi pilipili.

Wengine hutenganishwa na barabara. Kwa miaka mingi Hospitali ya Kenyatta ndiyo iliyokuwa hospitali pekee ya serikali yenye mashine za mionzi, na hata sasa watu wengi wa sehemu zetu husafiri hadi Eldoret au Nairobi, wakakaa majuma matano, sita, wakienda mashineni siku tano kwa juma. Mume hubaki na watoto na nyavu. Anapopiga simu huulizia dawa na pesa. Basi tunawapa kazi ndogo: katika kila simu, kabla ya kukata, mwambie mwenzako jambo moja lisilohusu ugonjwa. Kuku aliyetaga kwenye kiti. Jirani aliyeanguka na baiskeli. Mke mmoja alituambia kwamba katika juma la nne la mionzi alingojea habari za kuku yule kuliko alivyongojea daktari.

Na ikifika mahali ambapo kupona hakutarajiwi? Cicely Saunders wa Uingereza, aliyekuwa muuguzi kabla ya kuwa daktari, alifungua nyumba ya St Christopher's huko London mwaka 1967, akafundisha kwamba maumivu ya anayekufa ni ya mwili, ya moyo, ya jamaa na ya roho, yote pamoja. Kazi ya namna hiyo ilianza Nairobi mwaka 1990, na Dakta Anne Merriman aliianza Kampala mwaka 1993 kwa mofini ya maji, ya kunywa, inayoweza kutolewa nyumbani. Watu huogopa mofini wakidhani ni dawa ya kuua. Ikipimwa vizuri, humpa mgonjwa saa za kukaa na wake bila kulia. Wauguzi wa wodi zetu nao tunawaomba jambo moja: mume akija kumwona mkewe, vuteni pazia, hata kwa robo saa. Mjaluo mwenye umri wa miaka sitini hawezi kumshika mkewe mkono mbele ya vitanda kumi na viwili.

Yule mama wa Asembo, je? Tulirudi baada ya juma moja, tukiwa na muuguzi. Muuguzi alizungumza na mume chini ya mti kwa muda, sisi tukakaa na mama mkwe. Hatukusikia walilosema. Tuliona tu mvuvi akiinuka, akaingia nyumbani kwa mama yake, akatoka na godoro jipya kichwani, mchana, majirani wakitazama, akalipeleka nyumbani kwake na kuliweka juu ya lile la zamani, kisha akarudi akamchukua mkewe mikononi. Mlangoni akasema, “Nyar Alego, inama kidogo,” maana mlango ulikuwa mfupi. Tangu Nairobi hakuwa amemwita hivyo.

Tulipomtembelea tena tulimwuliza yule mama kama amelala vizuri tangu arudi kwake. Akasema hapana, usiku wa kwanza hawakulala kabisa. Alikuwa amegundua ng'ombe wa pili aliuzwa kwa bei ya kutupa, nao waligombana juu ya ng'ombe yule mpaka jogoo akawika. Alisema hayo akicheka, akiwa amejifunika koti la mumewe.